Bolti Haina Mahali pa Tatu

Ukipita Igoma asubuhi, kabla wauza mitumba hawajamaliza kupanga nguo zao, utakutana na harufu ya mpira unaochomwa. Mafundi huchoma mpira uliochakaa ili kuutoa kwenye pete yake ya chuma, na moshi wake ni mweusi, mzito, unanata kooni. Watu huziba pua na kuharakisha. Mimi husimama. Nina umri wa kuitwa babu na watu wenye ndevu, nimezika wazazi na mke, lakini moshi ule ukinifikia tu ninakuwa tena mtoto wa miaka tisa, na mkono wangu wa kulia hujikunja ngumi bila mimi kuuamuru.

Nimeona niandike sababu yake nikiwa bado nakumbuka mambo kwa mpangilio. Wenzangu wa rika langu mtanielewa, ninyi mliokua wakati ambapo swali la mtu mzima lilikuwa na majibu mawili tu: ndiyo, na ndiyo.

Mjomba Mabula, mdogo wake mama, alikuwa fundi wa magari. Karakana yake ilikuwa kando ya barabara ya Musoma, katika Igoma ile ya zamani yenye nyumba za kuhesabika na mashamba ya mihogo katikati yake. Ilikuwa paa la mabati juu ya nguzo nne, benchi lililolowa oili, na shimo. Shimo lilichimbwa ili gari lisimame juu yake na fundi ashuke chini kufanya kazi akiangalia juu. Lilikuwa jembamba, refu kuliko mtu aliyelala, na kuta zake zilikuwa nyeusi. Mimi nililijua kaburi kwa kuwa nilikuwa nimeshamzika babu, kwa hiyo hakuna aliyehitaji kuniambia lile lilikuwa nini. Mama aliponituma kumpelekea mjomba chakula cha mchana, niliweka bakuli ukingoni, nikaita mara moja, nikarudi kinyumenyume mpaka barabarani.

Mjomba hakuwa mtu wa maneno mengi, lakini alikuwa na kopo. Lilikuwa kopo kubwa la maziwa ya unga, limebanduliwa karatasi yake, linang'aa kwa kushikwashikwa. Kila bolti iliyotoka kwenye gari iliingia kwenye kopo papo hapo, hata kama mvua inanyesha, hata kama mtu anamwita. "Bolti ina mahali pawili tu duniani," alikuwa akisema. "Iko kwenye gari au iko kwenye kopo. Haina mahali pa tatu." Kazi ikiisha, kabla hajatoa ufunguo, alimwita mwenye gari, akalipindua kopo juu ya boneti na kuligonga kitako mara tatu. Kisipodondoka kitu, ufunguo ulitoka. Kikidondoka, gari halikutoka, hata mwenyewe alie. Wengine walisema Mabula anatambikia magari. Lakini walirudi, na walikuja na ndugu zao.

Gari ninalotaka kulisimulia lilikuwa la Mzee Rajabu, mfanyabiashara wa vitenge aliyekuwa akienda kwenye magulio ya Sengerema na Geita. Lilikuwa gari dogo la Kifaransa, rangi ya maziwa, na kila lilipoondoka liligonga kwa nyuma, pu, kama mtu aliye ndani ya buti anaomba kutolewa. Mjomba alilala chini yake kidogo akatoka na jibu. Tatizo lilikuwa mipira ya difu. Difu ni lile chungu la chuma lililo katikati ya magurudumu ya nyuma, limejaa gia, linapokea nguvu ya injini na kuigawa kwa magurudumu. Katika gari lile difu lilining'inia chini ya bodi, limeshikwa na bolti nne zilizopita kwenye mipira minene ili lisitetemeshe abiria. Mipira ilikuwa imekatika.

Juma lile lile alifika mtu kwa baiskeli kutoka Sengerema. Alikuja kusema kwamba bibi, aliyewazaa mama na mjomba, alikuwa hali chakula tena, na kwamba kila akiamka alikuwa akimwita binti yake. Basi la kwenda huko lilikuwa limeharibika, na malori ya pamba hayakuwa yameanza msimu. Baba alikuwa kazini Musoma. Mama alikaa kwenye kigoda akiwa ameshika kanga yake mdomoni.

"Nitengenezee gari, Mabula," Mzee Rajabu akasema, "nami nitampeleka dada yako mpaka mlangoni kwa mama yenu. Jumamosi, kwa pantoni ya jioni."

Kwa hiyo fahamuni kama nilivyofahamu mimi: gari likitoka Jumamosi likawahi pantoni, kile kivuko cha ziwani, mama angemkuta bibi hai.

Bolti tatu zilitoka bila ubishi. Ya nne ilikuwa juu, nyuma ya difu, kwenye nafasi kati ya difu na tanki la mafuta ambayo haikutosha kupitisha bakuli la chai. Haikuonekana kwa jicho kutoka upande wowote. Njia nzuri ilikuwa kushusha tanki kwanza, lakini mabomba yake yalikuwa yameliwa na kutu, na mjomba alisema likivunjika bomba moja tu, Jumamosi itapita gari likiwa hapo hapo. Akamwagia bolti ile dizeli usiku na mchana. Akapaka mkono sabuni, akausukuma ndani, ukafika kwenye kifundo ukakwama, akautoa umechunika ngozi.

Mzee Rajabu alikaa juu ya kreti akitazama. "Mabula, hiyo bolti unaitoa au unaiposa?"

"Mzee, aliyeiweka huko hakuwaza kama kuna siku itatoka."

"Ongeza mahari basi."

Mjomba akachukua spana namba kumi na saba, akaikata katikati kwa msumeno, akaiweka kwenye mkaa mpaka ikawa nyekundu, akaipinda shingo kwa nyundo. Ikawa kitu kifupi, kilema, hakifai kwa kazi nyingine yoyote duniani. Alikuwa anaipoza kwenye maji nilipofika na bakuli la chakula. Akanitazama. Hakunitazama usoni.

"Lete mkono," akasema.

Niliupeleka. Aliuzungusha kwenye kiganja chake, akaupima kwa kidole gumba na cha shahada. Kisha akashuka shimoni na kuninyanyua kwapani kama mzigo, nami nikashuka mahali ambapo nilikuwa nimeapa sitashuka.

Sikumbuki kama nililia. Nakumbuka baridi ya kuta, na gari juu yangu limefunika anga, na difu likiwa limekaa kwenye jeki iliyosimama juu ya ubao mnene uliokatiza shimo. Lilikuwa jeusi, na lina tumbo. Mzee Rajabu aliinama ukingoni, akaonyesha meno. "Kijana, usipumue kwa nguvu humo. Difu litakudondokea."

Akacheka, na mjomba akacheka. Mimi sikujua kama ni utani. Nilianza kupumua kidogo kidogo kupitia puani, na kila nilipopitiwa nikavuta pumzi ndefu, nililitazama difu kuona kama limesogea.

"Funga macho," mjomba akaniambia. Alikuwa amenipakata kwenye goti ili nifike. "Huko macho hayana kazi. Jicho liko kwenye ncha ya kidole. Pita juu ya mgongo wake. Kuna mchanga na grisi, usijali. Nenda mpaka ukutane na ukuta wa bati, hilo ni tanki. Rudi kidogo. Kuna kichwa chenye pembe sita. Umekiona?"

"Nimekiona," nikasema, macho nimefumba.

Spana ile ilisogea kwa unene wa njiti ya kiberiti, ikagonga bodi. Nikaitoa, nikaigeuza, nikairudisha, ikasogea njiti nyingine. Mara ya kwanza bolti ilipolegea ilitoa sauti kali kama mfupa unaovunjika, nikadhani nimevunja gari la watu. Mjomba akanikumbatia pale pale chini, mimi na grisi yangu. "Imekubali! Ng'wanone, imekubali." Lile neno la Kisukuma, mwanangu, hakuwa ameniita kabla ya siku ile. Bolti ilipodondoka kwenye kopo ikalia, mimi ndiye niliyeitupa. Akanipa jina, Kakono, na kufika jioni watu wote wa kando ya barabara walikuwa wakiniita hivyo. Muuza chapati alitaka kuuona huo mkono. Nilirudi nyumbani nikiwa nimeubeba kama kitu nilichonunuliwa.

Siku iliyofuata mjomba alichoma mipira ya zamani. Alikata mipya kutoka tairi la lori, akaishindilia kwenye pete zake, na moshi ule ukakaa juu ya Igoma tangu asubuhi. Jumamosi mchana tukaanza kurudisha. Mama alikuwa ameshafika na mfuko wake, amesimama ukingoni mwa shimo, hataki kuketi. Kila mara aliuliza saa.

Bolti tatu zikaingia. Mjomba akanipa ya nne kutoka kwenye kopo, akanipa na spana kilema, akanipakata kwenye goti.

Kuitoa kulikuwa kazi. Kuirudisha kulikuwa jambo jingine kabisa, kwa sababu sasa tundu la difu na tundu la mhimili wa bodi hayakuwa yametazamana. Nilipitisha bolti, ikafika katikati ikagonga chuma. Mjomba akainua jeki kidogo.

"Sasa?"

"Bado."

Akaishusha unywele. "Sasa?"

"Bado, mjomba."

Nikaizungusha kwa ncha za vidole, haikushika. Mkono ukafa ganzi. Jasho likaingia kwenye macho niliyokuwa nimeyafumba. Tulikuwa tumejaribu mara nyingi hata sijui ngapi, na mama juu yetu akasema taratibu, kama anayejisemea, "Pantoni itatuacha." Nikavuta pumzi. Ndefu. Jeki ikalia, difu likateleza kwa unene wa kidole, na mgongo wake ukaukandamiza mkono wangu kwenye mhimili.

Haukunivunja. Ulinichuna tu, mjomba alikuwa mwepesi na jeki, na katika kuhangaika kule wala hakujua kama mkono ulikuwa umebanwa. Lakini mimi nilijua kilichotokea. Nilikuwa nimepumua kwa nguvu, na difu lilikuwa limenionya, na mara ya pili halingeonya.

"Sasa?" mjomba akauliza.

"Imeingia," nikasema.

"Alhamdulillahi," Mzee Rajabu akasema huko juu.

"Kaza."

Nikashika bolti kwenye kiganja kwa vidole viwili vya mwisho, na kwa vile vitatu nikaigonga spana kwenye chuma. Tik. Nikangoja muda wa kuigeuza. Tik. Nilifanya hivyo kwa muda mrefu, kwa uaminifu mkubwa, hata mjomba akaniambia nisijichoshe. Najua leo kwamba sehemu ile ndiyo mbaya kuliko zote. Neno "imeingia" lilinitoka kwa hofu. Zile tik nilizipanga.

"Imekaza?"

"Imekaza."

Mjomba akaingiza mkono wake mwenyewe, ukakwama kwenye kifundo kama kawaida, vidole vyake vikapapasa hewani bila kufika. Akautoa. "Basi. Mkono wako ndio jicho langu, Kakono."

Akaninyanyua nje. Kopo lilikuwa pale ukingoni, hatua moja kutoka kwenye mguu wangu. Nilichotakiwa kufanya ni kufungua vidole. Bolti ingedondoka, ingelia, na ule mlio ungesema yote bila mimi kusema kitu. Tungerudi chini tukajaribu tena, na pantoni huenda tungeikuta, huenda tusingeikuta. Mama akaniinamia akanipangusa grisi shavuni kwa pembe ya kanga. "Mungu akubariki mwanangu. Umenisaidia nimwone mama yangu."

Nikatia mkono mfukoni. Kwa hiyo mahali pa tatu palikuwepo, na mimi ndiye niliyepapata.

Mjomba akalipindua kopo juu ya boneti. Akaligonga mara tatu. Hakikudondoka kitu. Akampa Mzee Rajabu ufunguo, naye akaupokea kwa mikono miwili akitania kwamba sasa hata akifika mbinguni ataulizwa kopo.

Mama akaingia nyuma. Akatoa mkono dirishani. "Njoo uniage."

Nilitoa wa kushoto. "Wa kulia," akasema, "nani kakufundisha hivyo?" Mkono wangu wa kulia ulikuwa na bolti. Nikautoa mfukoni nikiwa nimefumba ngumi, nikampa kifundo, kama tunavyofanya mikono ikiwa michafu. Alikishika akatabasamu, aliona fundi mdogo. Nilifungua mdomo. Injini ikawaka, gari likaondoka laini kabisa, bila kule kugonga kwa nyuma, na mjomba akasema, "Sikiliza hiyo. Kama maji."

Nikaja kupata wazo ambalo sikuwahi kumwambia mtu mpaka nilipokuwa mzee. Niliona kwamba kama bolti haiko kwenye tundu lake, basi tundu lake ni ngumi yangu. Nikiikaza ngumi, difu linashika. Nikiilegeza, linaanguka. Nilitembea nayo hivyo jioni ile, kiganja kimeumia, nikihesabu mahali walipofika: sasa wamepita mjini, sasa Mkolani, sasa Usagara, sasa wako Kigongo wanangoja pantoni. Nililala kwa mjomba siku zile kwa kuwa mama hakuwepo. Jua likiwa linazama mke wa mjomba akatenga chakula.

"Nawa," mjomba akasema.

Nikanyoosha mkono wa kushoto.

"Wewe leo una nini? Nawa wa kulia ule."

Nikaingiza bolti mfukoni, nikanawa, nikala ugali kwa haraka hata nikapaliwa. Wakaona nina njaa, wakaniongezea. Nilipoishika tena ilikuwa imepoa.

Jumapili haikuwa na habari. Jumatatu shuleni walikagua kucha mstarini. Niliiweka bolti chini ya ulimi, na ladha ya chuma na dizeli ilikaa huko juma zima. Mjomba naye alikuwa akitoka kila mara barabarani kutazama upande wa mjini. Alikuwa akimwaza mama yake. Mimi nilikuwa nikimwaza wangu. Tulisimama pale wawili, mtu na mpwawe, kila mmoja akidhani mwenzake anaogopa kitu kile kile.

Jumanne mchana lori lilisimama. Dereva aliteremka akavua kofia, nami nikajua.

"Poleni sana, fundi," akasema. "Wote wazima. Nakwambia hilo kwanza. Dada yako mzima, Mzee mzima."

Kisha akasema yaliyobaki. Gari lilikuwa limeshuka kwenye pantoni upande wa Busisi. Lilipoanza kupanda lile tuta la kutoka majini, difu likashuka kwa nyuma, rodi inayozunguka ikaanza kupiga sakafu, gari likarudi nyuma kuelekea ziwani na watu wakarusha mawe chini ya magurudumu. Lilisimama hatua chache kutoka majini. Walilala pale pale kando ya barabara. Asubuhi mama alipata trekta likampeleka Sengerema, akafika mchana. Bibi alikuwa amekata roho alfajiri. Wanawake walishaketi kwenye mikeka.

"Mzee Rajabu ametazama chini," dereva akasema, bila kumtazama mjomba. "Anasema bolti ya juu haipo. Siyo imelegea. Haipo."

"Liliharibika saa ngapi?" nikauliza. Ndilo neno pekee nililosema siku ile.

Dereva akashangaa kuulizwa na mtoto. "Jua linazama. Wakati wa kula hivi."

Nilikwenda nyuma ya nyumba nikaitoa bolti, nikaikaza ngumini. Kwa miaka mingi, mpaka nilipokuwa sekondari, niliamini kwamba kosa langu lilikuwa kufungua ngumi ili nile ugali. Uongo wenyewe niliuona mdogo.

Niliporudi, mjomba alikuwa ameketi benchini na kopo. Alitazama ndani. Akalipindua. Akaligonga. Akatazama tena. Midomo yake ilikuwa ikihesabu.

Nilingoja kuitwa. Nilikuwa nimeshajiandaa kufa. Mzee Rajabu aliporudi, nikiwa nyuma ya mlango, nilimsikia akisema, "Na yule mtoto? Si yeye aliyekaza?"

"Mtoto alisema imekaza, na alikaza, nilimsikia kwa masikio yangu," mjomba akajibu. "Huyu mtoto hasemi uongo. Ni mimi. Kulikuwa na bolti za gari jingine benchini. Nitakuwa nilichanganya kwenye kopo nikampa isiyo yake, ikashika kidogo ikachomoka njiani."

Mama naye alirudi, amenyoa nywele kwa ajili ya msiba. Mjomba alipiga goti mbele yake, mwanamume mzima, fundi. "Dada, nilikosea bolti."

Mama akamshika bega. "Inuka, Mabula," akasema. "Ilikuwa siku yake mama. Nimekusamehe."

Na mimi bado nilikuwa nyuma ya mlango, bolti mfukoni.

Mjomba hakulipindua kopo tena. Kama kopo liliweza kumdanganya siku ile, aliona, basi liliweza kumdanganya siku yoyote. Alianza kukaza bolti, kutoka shimoni, kurudi, kuilegeza, kuikaza upya. Kazi ya siku moja ikawa ya siku nne. Wateja walicheka kwanza, halafu wakachoka. Nilimwona akisimamisha gari la mtu barabarani, akikimbia nyuma yake akipunga mikono, ili atazame tena. Akabaki na malori ya watu wasio na haraka, baadaye baiskeli. Kabla sijamaliza darasa la saba alifukia shimo, akahamia Sengerema kwenye kiwanja cha mama yake.

Nilisoma mpaka kidato cha nne, nikapata ukarani kwenye kiwanda cha pamba, nikaoa, nikajenga. Bolti ilihama nami kila nyumba, ndani ya soksi. Mke wangu aliwahi kuitupa na takataka nikaenda kuifukua jalalani, sikumwambia kwa nini. Mama alipokuwa anaugua mwisho wake nilikaa kitandani pake siku kumi na moja. Alizungumza habari za bibi. Alisema, "Namhurumia Mabula, mpaka leo hanitazami machoni." Nilikuwa na nafasi siku zote kumi na moja. Nilijiambia kwamba nisimsumbue mgonjwa. Ni uongo mwingine. Nilimwogopa kama nilivyomwogopa nikiwa na miaka tisa.

Kisha daraja la kutoka Kigongo mpaka Busisi likafunguliwa. Mjukuu wangu mmoja akataka kulivuka, nikamwambia twende mpaka Sengerema tumsalimie babu Mabula. Nilichukua soksi yangu. Tulipita juu ya maji dakika chache tu. Upande wa Busisi nilitazama chini, pale pantoni ilipokuwa ikishushia magari, nikaibana soksi mkononi.

Mjomba alikuwa amekaa barazani kwenye kiti cha gari cha zamani. Macho yake yalikuwa hayaoni tena, na mikono yake ilitetemeka juu ya magoti kama vitu visivyo vyake.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nani?"

"Kakono."

Akacheka kwa furaha. "Kakono! Sasa utakuwa una likono."

Nikamwekea bolti kwenye kiganja. Akaikunjia vidole, akaipapasa kichwa, akahesabu pembe. "Kumi na saba," akasema. Kisha akaacha kucheka. Alikuwa ameshika bolti nyingi maishani mwake, lakini aliitambua ile.

"Ilikuwa wapi?"

"Mfukoni," nikasema. "Haikuingia, mjomba. Niligonga spana tu. Difu lilinibana mkono, nikaogopa."

Nilidhani nimejiandaa kwa lolote. Kuku walipita barazani. Mjukuu wangu alikuwa akicheza na baiskeli iliyolala uani, akizungusha gurudumu.

"Kwa hiyo kopo lilikuwa sawa," mjomba akasema.

"Lilikuwa sawa."

"Ungeniambia nikiwa bado na mikono." Alisema bila ukali, kama mtu anayesoma kitu kwa sauti. Akaongeza: "Dada alinisamehe. Amekufa akiwa amenisamehe. Sasa msamaha ule ni wa nani?"



Akamwita mtoto, akamwambia aingie ndani, chini ya kitanda, alete kopo. Lilikuwa lile lile, lina viraka vya baiskeli ndani. Akavimwaga kandoni kwa kupapasa, akatia bolti, ikalia. Akanyanyua kopo kwa mikono yote miwili, akalipindua juu ya mkeka, akaligonga kitako. Mara moja. Mara mbili. Mara tatu.

"Imedondoka?" akaniuliza.

"Imedondoka, mjomba."

Akaipapasa mpaka akaipata, akairudisha kwenye kopo, akalikumbatia kifuani.

"Basi gari halitoki," akasema. "Keti. Chai inakuja."